Mfupa Ndani ya Jiwe

Mwaka 1936 idara ya jiolojia ya serikali ya Tanganyika ilichapisha ripoti fupi juu ya miamba ya kusini na kusini-mashariki mwa wilaya ya Musoma. Aliyeiandika ni G. M. Stockley, mjiolojia wa serikali. Wilaya ya Musoma ya enzi hizo ilikuwa pana: Bunda na Butiama za leo zilikuwa ndani yake, pamoja na nyika ambazo sasa ni Hifadhi ya Serengeti. Kilichompeleka huko ni dhahabu. Wachimbaji walikuwa wanaizungumzia Kilimafedha, ambayo siku hizi imo ndani ya hifadhi, na serikali ilitaka kujua mwamba wenye dhahabu unaanzia wapi na kuishia wapi. Miaka hiyo hiyo Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alikuwa mwanafunzi wa shule ya Mwisenge mjini Musoma.

Kazi ya mjiolojia wa porini haijabadilika sana tangu wakati huo. Anatembea, anabandua kipande cha mwamba kwa nyundo, anakipa nambari, anakitia kwenye mfuko na kuandika daftarini alikokitoa. Nusu ya pili ya kazi hufanyika mezani. Kipande kinakatwa kwa msumeno wa mawe, kinagandishwa kwenye kioo, kinasagwa mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, na hapo jiwe lililokuwa jeusi mkononi linapitisha mwanga. Chini ya hadubini madini yake yanaonekana moja moja. Mtaalamu anajua sasa kama mwamba ule ulitemwa na volkano, ulitulia chini ya maji, au ulipikwa upya katika kina cha ardhi. Nusu hii ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu katika historia ya visukuku vya Afrika Mashariki, yaani mifupa, meno na mimea iliyogeuka mawe, sifa zote huenda kwa aliyeokota, na wanaokata hawatajwi.

Msafiri anayetoka Bunda kwenda Musoma kwa basi, akipita Kiabakari na njia panda ya Butiama, anapita juu ya mawe ya kale mno. Yale majabali ya graniti yaliyopandana vilimani, na yale yanayozunguka makazi ya Mwalimu Nyerere, yule Kambarage wa Mwisenge, pale Mwitongo, yamepakana na mkanda wa mawe ya kijani ambao ndio unaobeba dhahabu. Wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Shukrani Manya, wameupima mkanda huo wa Musoma-Mara na kukuta umri wa miaka kati ya bilioni 2.6 na 2.7. Wanyama wenye uti wa mgongo walianza kuwapo duniani takriban miaka milioni 500 iliyopita. Mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, katika mkanda huo, anaweza kushuka duarani mwaka mzima, akapasua mwamba usiku na mchana, na asikutane na mfupa hata mmoja. Mwamba wake uliganda zamani kabla mfupa wa kwanza haujaota.

Stockley alilijua hilo, na alijua pia mifupa inapatikana wapi. Miaka michache kabla ya ripoti ya Musoma alikuwa ametumwa kusini kabisa mwa nchi, bonde la mto Ruhuhu upande wa Ziwa Nyasa, kukagua makaa ya mawe. Huko miamba ni ya namna nyingine: mchanga na matope ya mito ya kale, yaliyolaliana tabaka juu ya tabaka na kugeuka mawe. Ndani yake alikuta mifupa. Aliikusanya, ikapelekwa Afrika Kusini kwa Sidney Haughton, ambaye mwaka 1932 aliieleza na kuipa majina. Kati ya vitu hivyo palikuwa na pingili chache za uti wa mgongo ambazo Haughton alizipa jina la Thecodontosaurus alophos. Zilikuwa pingili ndogo zisizosema mengi, zikawekwa kabatini Cape Town. Tutazirudia.

Stockley hakuwa wa kwanza kuona mifupa ya mawe katika nchi hizi. Ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Rorya, katika ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuna Karungu. Ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Pigott aliiona mifupa pale mnamo 1909. Baadaye aliuawa na mamba katika ziwa hilo hilo. Vipande vilivyofika London vilichunguzwa na C. W. Andrews, naye mwaka 1911 akatangaza jamii mpya ya mnyama mkubwa wa ukoo wa karibu na tembo, mwenye pembe zilizopinda kwenda chini kutoka taya la chini. Alimwita Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya C. W. Hobley, ofisa mwandamizi wa utawala. Mwaka ule ule Makumbusho ya Uingereza ikamtuma Felix Oswald aende Karungu kuchimba zaidi. Alifanya kazi peke yake pamoja na vibarua wa pale, wakati malale ilikuwa imefagia vijiji vya ufukoni, na upande wa pili wa mpaka, Shirati, bendera iliyopepea ilikuwa ya Mjerumani.

Mjerumani naye alikuwa na shughuli yake kubwa zaidi kule Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa ukitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, mwaka uliofuata Eberhard Fraas akaja kuthibitisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin ikachimba chini ya Werner Janensch, Edwin Hennig na baadaye Hans Reck. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa kusini, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuteketezwa katika vita vya Majimaji. Msimamizi wao mkuu, aliyesifiwa kwa mkono wake katika kutoa mfupa bila kuuvunja, ni Boheti bin Amrani. Mfupa ukishafichuliwa ulipakwa udongo au plasta, ukafungwa kwa mianzi iliyosukwa kama tenga, ukabebwa kwa mabega mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Karibu tani 225 zilifika Berlin.

Tani hizo zilipofika ndipo kazi ndefu ilipoanza. Mfupa wa Tendaguru umejaa nyufa, na mwamba ulioushika mara nyingine ni mgumu kuliko mfupa wenyewe. Mafundi walikaa kwa miaka wakigonga kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, wakipaka gundi, wakiunganisha vipande kwa mamia. Mifupa ya Brachiosaurus, yule mnyama mwenye shingo ndefu ambaye sasa wengi humwita Giraffatitan, ilisimamishwa ukumbini mwaka 1937, robo karne baada ya kuchimbwa. Na bado kazi haikuisha. Matenga kadhaa ya mianzi yalibaki bila kufunguliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka katika miaka ya karibuni yalipopitishwa kwenye mashine za eksirei zinazopiga picha tabaka kwa tabaka ili kuona kilichomo bila kukata kamba moja. Kifundo kilichofungwa na mtu wa Lindi mwaka 1910 bado kiko vile vile. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, kumkumbuka Boheti. Ni haki iliyochelewa, lakini ni haki.

Reck alileta njia nyingine. Mwaka 1913, akiwa Olduvai, watu wake walikuta mifupa ya binadamu aliyelazwa amejikunja, imeshikwa na mwamba mgumu. Hakuitoa mfupa mmoja mmoja. Alichonga jabali lote kuuzunguka mwili kwa nyundo na patasi, na mifupa ikasafirishwa hadi Berlin. Mabishano juu ya umri wa mtu yule yaliendelea miaka ishirini, na mwishowe ilikubalika kwamba alizikwa zamani za karibu ndani ya tabaka la kale sana. Kilichosaidia kumaliza ubishi ni madini: uchunguzi wa chembe zilizoganda kwenye udongo wa kaburi ulionyesha zimetoka tabaka la juu. Jiwe lililobaki limeushika mfupa ndilo lililotoa ushahidi. Fundi akisafisha kupita kiasi, akaondoa jiwe lote kwa sababu tu anataka mfupa ung'ae, ushahidi wa namna hiyo unaishia kwenye pipa la taka.

Turudi Ruhuhu. Habari za mifupa ya Stockley zilimfikia kijana wa Cambridge, Francis Rex Parrington, naye mwaka 1933 akafunga safari hadi bonde lile. Aliondoka na shehena kubwa. Ndani yake mlikuwa na mfupa wa mkono wa juu, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko, na pingili kadhaa. Mwanafunzi wake, Alan Charig, aliuchunguza mfupa huo katika miaka ya 1950 kwa ajili ya tasnifu yake, na baadaye akampa mnyama jina la Nyasasaurus. Lakini jina hilo halikuwahi kuchapishwa rasmi maishani mwake. Charig alifanya kazi miaka mingi katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London na akafariki mwaka 1997, na mfupa ukiwa bado kwenye droo.

Droo ni sehemu kubwa ya hadithi hii. Visukuku vya Kisiwa cha Rusinga, ambacho mtu wa Musoma anaweza kukifikiria kama jirani wa kaskazini katika maji yale yale, vinaonyesha jambo hilo. Tarehe 2 Oktoba 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey aliona pale vipande vya fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, mwenye umri wa miaka milioni 18 hivi. Aliliunganisha mwenyewe, akalisafirisha kwa ndege mpaka Uingereza, ambako Wilfrid Le Gros Clark alilichunguza. Fuvu lilikuwa limeazimwa tu, lakini lilikaa huko zaidi ya miaka thelathini kabla ya kurudi Nairobi. Mwaka 1951 Tom Whitworth alikuta Rusinga mifupa mingine ya Proconsul katika shimo lililojaa mwamba wa kijani, shimo ambalo baadaye lilitambuliwa kuwa lilikuwa uwazi wa mti mkubwa uliozikwa na majivu ya volkano. Sehemu ya mabonge ya shimo lile ilirundikwa kwenye makabati ya makumbusho Nairobi. Kuanzia mwaka 1980 Martin Pickford na Alan Walker walipekua makabati hayo, wakaona mifupa ya mikono na miguu ambayo haikuwa imetolewa mwambani, au ilikuwa imeandikiwa jina la mnyama mwingine. Kipande cha kisogo cha fuvu la 1948 kilikuwa kimewekwa pamoja na magamba ya kobe.

Miaka 29 jiwe lilikuwa kabatini, limechimbwa, limepewa nambari, limelipiwa nauli, na bado mfupa haujagunduliwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuchimbua na kugundua ni mambo mawili. Jamii ile ya Proconsul wa Rusinga ilipewa mwaka 1993 jina la Proconsul heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, mchimbaji mkuu wa akina Leakey tangu miaka ya mwanzo, mtu ambaye jicho lake lilitenganisha mfupa na kokoto kabla ya kifaa chochote.

Kwa mfupa wa Rusinga au Olduvai, msumeno hukaribia tu, haugusi mfupa. Hutumika kupunguza jiwe la nje, kisha zinaingia sindano, patasi za hewa zinazotetema kama kalamu, na wakati mwingine asidi hafifu ya siki, ambayo huyeyusha chokaa na kuuacha mfupa. Fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lilitoka vipande kama 400, na hakuna msumeno uliopita ndani yake. Lilichujwa kwa chekecheke, likasafishwa kwa brashi, likaunganishwa kwa gundi na subira. Mwaka 1965 fuvu hilo lilirudishwa Tanzania na kukabidhiwa Rais Nyerere mjini Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Mambo ya Kale, iliyoweka uchimbaji na usafirishaji wa masalia ya namna hiyo chini ya vibali vya serikali. Mtoto wa Butiama, aliyekulia kati ya mawe yasiyo na mifupa, ndiye aliyelipokea jiwe mashuhuri kuliko yote ya nchi yake.

Lakini yako maswali ambayo mfupa haujibu mpaka ukatwe. Mnyama huyu alikuwa na umri gani? Alikua haraka au polepole? Sura ya nje haisemi. Mfupa ulio hai hukua kwa tabaka, na ukiwa umegeuka jiwe tabaka zile zinabaki, pamoja na vitundu vya mishipa ya damu na vijumba vya seli. Waingereza walianza kukata mawe membamba hivi kwa ajili ya miti iliyogeuka mawe: Henry Witham alichapisha matokeo yake mwaka 1831, akitumia ujuzi wa mafundi wa vito wa Edinburgh. Miaka ishirini baadaye Henry Clifton Sorby aliuhamishia ujuzi huo kwenye miamba ya kawaida, ndiyo njia iliyokuja kutumiwa kwa mawe ya Musoma. Kwa mifupa ya Tanganyika njia hiyo ilichelewa sana, na sababu inaeleweka: nani angekubali kukata mfupa usio na wa pili?

Mtaalamu wa visukuku, Martin Sander wa Bonn, aliipata njia ya kati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliomba ruhusa ya kutoboa mifupa ya miguu ya Tendaguru iliyoko Berlin. Alitumia keekee yenye ncha iliyo wazi katikati na almasi ukingoni, inayotoa kijiti cha jiwe kutoka ndani ya mfupa na kuacha tundu dogo. Vijiti hivyo vikasagwa kuwa vioo vya hadubini. Mwaka 2000 alichapisha alichokiona. Katika paja moja la Janenschia, mnyama mwingine wa Tendaguru, mistari ya ukuaji ilihesabika: mnyama alipevuka akiwa na angalau miaka 11, akafikia ukubwa wake wa mwisho akiwa na angalau 26, na akafa akiwa na angalau 38. Fikiria hilo. Mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita katika nchi ya Lindi, na tunaweza kutaja umri wake kwa karibu kuliko babu zetu wengi ambao hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa.

Namna kazi yenyewe inavyofanyika inastahili kuelezwa polepole. Kwanza mfupa unapigwa picha kila upande na kupimwa. Kisha unafinyangiwa umbo kwa mpira wa silikoni, na ndani ya umbo hilo hutiwa resini ili kupata nakala inayofanana nao kwa kila mkwaruzo. Kitakachopotea kwenye msumeno kisipotee kwenye kumbukumbu. Nyufa zinanyweshwa gundi nyepesi iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwani mfupa wenye ufa hauhimili mtetemo. Sehemu ya kukatwa huchaguliwa katikati ya mfupa mrefu, ambapo ukuta ni mnene na tabaka hazijavurugwa. Sehemu hiyo hulazwa ndani ya resini mpaka ikauke na kuwa bonge moja.

Bonge linafungwa kwenye jiriwa. Diski ya msumeno haina meno. Ni sahani ya chuma nyembamba yenye unga wa almasi ukingoni, na haikati kwa kung'ata, inasaga. Zamani mafundi walipaka unga huo wenyewe, wakiuchanganya na mafuta kwenye bati linalozunguka. Kwa miaka mingi almasi ya kazi hii ilitoka migodini, ile isiyofaa kwa pete, na Mwadui kule Shinyanga, alikoigundua John Williamson mwaka 1940, ilikuwa kati ya migodi ya dunia iliyotoa almasi za kila daraja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 almasi ya diski hutengenezwa kiwandani. Maji au mafuta hutiririka muda wote kwenye ukingo, kwa sababu mbili: kupoza, na kuzuia vumbi. Mwendo ni wa taratibu, uzito wa bonge lenyewe ukitosha kulisukuma. Fundi anayekandamiza ili amalize haraka huona diski ikipinda na mfupa ukimeguka ukingoni. Anasikiliza. Sauti ikibadilika, diski imetoka kwenye resini ikaingia kwenye mfupa. Ikibadilika tena, imefika kwenye uboho uliojaa madini ya aina nyingine. Tope linalotiririka nalo hubadilika rangi. Na upana wote wa diski, iwe milimita moja au tatu, ni mfupa uliogeuka uji na hautarudi.

Uso uliokatwa unasuguliwa kwa unga wa kusagia juu ya kioo bapa, kwa mwendo wa duara, mpaka mikwaruzo iishe, kisha unagandishwa kwenye kioo cha hadubini. Msumeno unapita tena na kuacha ganda jembamba tu. Kuanzia hapo ni mkono na jicho: kusugua, kuosha, kuangalia, kusugua. Mfupa huachwa mnene kidogo kuliko jiwe la kawaida, kati ya maikroni 50 na 100 hivi, ili muundo wake usififie. Msuguo mmoja wa ziada na kila kitu kinaondoka na maji.

Hivyo ndivyo mfupa wa Parrington ulivyotoka kwenye droo. Wataalamu Sterling Nesbitt, Paul Barrett, Sarah Werning na Christian Sidor waliurudia pamoja na maandishi ya Charig, na mfupa wa mkono ukakatwa. Chini ya hadubini walikuta mfupa uliofumwa kwa haraka, nyuzi zake zimekwenda huku na huku, na vitundu vya mishipa vimetapakaa kwa wingi. Mnyama huyu alikuwa anakua upesi, namna ya ukuaji inayotambulisha dinosaria na jamaa zao wa karibu kabisa. Pamoja na alama za misuli kwenye mfupa, ushahidi huo uliwafanya waseme kwamba Nyasasaurus ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu kupita wengine. Aliishi miaka milioni 243 hivi iliyopita, zaidi ya miaka milioni kumi kabla ya dinosaria wengine wanaofahamika. Taarifa ilitoka Desemba 2012, jina kamili likiwa Nyasasaurus parringtoni, na Charig akaorodheshwa kati ya waandishi, miaka 15 baada ya kifo chake.

Na zile pingili za Cape Town? Wataalamu walizitazama upya wakaona zinafanana na za mnyama huyu, wakaziweka pamoja naye. Mtu aliyetembea vilima vya Musoma akitafuta dhahabu ya serikali alikuwa ameshika mkononi, miaka michache kabla, kipande cha mnyama ambaye huenda ndiye dinosaria wa mwanzo kabisa. Hakujua, wala hakuna ambaye angejua wakati ule. Ukuaji wa mnyama ulikuwa umeandikwa ndani ya mfupa, na mfupa haukuwa umekatwa.

Tangu mwaka 2007 timu ya Sidor na Nesbitt imerudi Ruhuhu mara kadhaa pamoja na wataalamu wa Kitanzania. Mwaka 2010 walimtangaza Asilisaurus kongwe, mnyama wa ukubwa wa mbwa aliye jamaa ya dinosaria, na mwaka 2017 Teleocrater, wa kale zaidi katika ukoo huo. Mapaja ya Asilisaurus nayo yamekatwa, na vioo vyake vimeonyesha kwamba ukubwa wa mwili haukuwa kipimo cha kuaminika cha kukomaa: wawili wa kimo kimoja waliweza kuwa katika hatua tofauti za ukuaji. Kilichobadilika tangu siku za Parrington ni umiliki. Mifupa hii huenda Marekani kusafishwa na kukatwa, lakini nambari zake huanza na herufi NMT, za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, na makao yake ni Dar es Salaam.

Kinachoniuma ni hiyo safari ya kwenda kukatwa. Msumeno wa kazi hii unatosha juu ya meza. Ujuzi wa kuuendesha haupo mbali nasi: Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kinafundisha vijana kukata, kuchonga na kung'arisha vito, na mkono unaoweza kukata tanzanaiti bila kuipasua hauna la kuogopa mbele ya paja la Asilisaurus. Huku Mara, Buhemba na Kiabakari, kuna watu waliozaliwa katika kazi ya mwamba. Wanausikia mwamba kwa mlio wa tindo, wanajua mshipa unaelekea wapi kabla hawajauona. Pembezoni mwa Musoma wapo wanaopasua majabali kwa kuyawashia moto hadi yatoe ufa, kisha wanayagonga kuwa kokoto za kuuzwa kwa ndoo. Wengi wanafanya hayo bila maji wala barakoa, na vumbi la mawe yenye kwazi huingia mapafuni likabaki humo. Maji yanayotiririka juu ya diski ya msumeno yangewafundisha jambo moja la kuokoa maisha hata kama hawatakata mfupa kamwe.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, iliyofunguliwa mwaka 1999, iko chini ya Makumbusho ya Taifa, ile ile inayomiliki mifupa ya Ruhuhu. Nafasi ya meza moja ipo. Iwekwe hapo hadubini na vioo viwili: kimoja cha mwamba wa kijani kutoka Kiabakari, wenye miaka bilioni mbili na nusu na zaidi, na kingine cha mfupa kutoka Ruhuhu. Mwanafunzi wa Mwisenge aangalie vyote viwili kwa jicho lake. Na Makumbusho ya Taifa itakapopata chumba chake cha kukatia, nafasi za kwanza za mafunzo zitangazwe Buhemba kabla ya kutangazwa mahali pengine.